Uzoefu wa Miaka Mitano kwa Dakika Kumi na Mbili

Chujio hai lilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne tangu lianze kujulikana duniani. Sharti la kumi na saba la zabuni lilitaka mzabuni awe na uzoefu wa miaka mitano wa kulihudumia.

Kalunde Mihayo alilisoma sharti hilo mara tatu akiwa amekaa. Kisha akasimama, akalisoma tena kutoka juu, huenda akili ya aliyeliandika ingeonekana vizuri zaidi kwa mbali. Haikuonekana.

"Kwa hiyo," akamwambia Bi. Nakiete, Afisa Manunuzi wa Halmashauri ya Mwanzugilo, "mnatafuta yaya aliyemlea mtoto kabla mama yake hajashika mimba."

"Sharti si langu, mama. Limetoka juu."

"Huko juu mna nini? Kila kituko kinatoka juu. Mvua tu ndiyo haitoki."

Bi. Nakiete hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, mwenye mihuri sita iliyopangwa mezani kwa kimo kama watoto wa shule mstarini. Aliusogeza mmoja uliokuwa umeinama, akasema, "Wenzako hawalalamiki. Wenzako wanakwenda Chumba Namba Tisa."

"Kufanya nini?"

"Kupata uzoefu. Ni dakika kumi na mbili tu. Na nikukumbushe, zabuni zinafungwa leo saa kumi kamili alasiri. Sasa hivi ni saa nane na nusu."

Kalunde alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na moja kati ya hiyo aliimaliza kwenye visima. Mikono yake ilikuwa na sugu za kuwashia kiberiti. Kampuni yake ilikuwa na mtambo mmoja wa kuchimbia, wa bluu, na wafanyakazi kumi na mmoja ambao tangu mfungo uliopita walikuwa wakija kazini kufagia uwanja uliokwishafagiwa. Zabuni ya visima tisa vya Mwanzugilo ikimpita, hata ufagio ungekosa mtu. Hilo alilijua yeye, walilijua wao, na kila asubuhi walisalimiana kwa furaha ya uongo ili mwenzao asijue kwamba wanajua.

Akachukua makabrasha yake, akaenda Chumba Namba Tisa akisonya njia nzima.

*

Chumba kilikuwa na kiti kimoja, kioo kirefu ukutani, na bamba la shaba la kuwekea kiganja. Sauti ilitoka kwenye dari, sauti ya adabu sana, ya mtu anayekunyima kitu.

"Karibu, mzabuni. Mimi ni Mizani, mtathmini wa Halmashauri. Weka kiganja. Nitatengeneza kivuli chako, mwenye akili yako, kumbukumbu zako na tabia zako. Nitampeleka Mwanzugilo ya ndani, atekeleze mkataba wako kwa miaka mitano kama ulivyouandika. Akirudi atasaini kama mtu mwenye uzoefu."

"Na hiyo Mwanzugilo ya ndani ina watu?"

"Ina watu wote wa sensa. Tafadhali jibu maswali. Utabadilisha chujio kila baada ya muda gani?"

Hapa ndipo ujanja wa zabuni ulipokuwa. Chujio hai ni kiumbe. Huoteshwa ndani ya pipa, laini na zito kama ugali wa mtama, na kazi yake ni kula madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji ya kisima ili watu wasiyanywe. Nyaraka zilisema libadilishwe "angalau mara moja kila miaka mitatu." Mtengenezaji alishauri kila masika. Lakini anayeandika kila masika bei yake inapanda mara tatu, na mwenye bei iliyopanda anarudi nyumbani na makabrasha yake kwapani. Kila mzabuni nchini alilijua hilo, kama kila mtoto anavyojua sukari inakofichwa.

"Miaka mitatu," akasema Kalunde.

"Mvua. Chagua moja: mvua njema, mvua za wastani wa taarifa rasmi, au nyingine, eleza."

Wazabuni wengine, watu wa miji mikubwa, hapo hugusa "mvua njema" na kuendelea. Kalunde alizaliwa Mwanzugilo. Swali la mvua kwake lilikuwa kama kuulizwa habari za mgonjwa wa nyumbani, ukilijibu kwa uongo utaonekana huna utu. Akasema, bila hata kufikiri, "Kama tunavyozijua."

"Tunavyozijua nani?"

"Sisi! Sisi wa hapa! Wewe mashine unaishi wapi?"

"Nimepokea," akasema Mizani. "Nitazichukua mvua kutoka kwenye kumbukumbu za kichwa chako. Subiri dakika kumi na mbili."

Kalunde akatoka nje, akanunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja aliyejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa halmashauri. Hazikuisha mkononi kabla kengele haijalia.

*

Aliyekuwa ndani ya kioo alikuwa Kalunde, hapana shaka. Lakini nywele za mbele zilikuwa zimegeuka majivu, jino moja la pembeni halikuwepo, na mkono wa kushoto ulikuwa na kovu refu kuanzia kiwiko hadi kifundo. Alikuwa amekaa kwenye kiti, viganja magotini, akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa.

"Haya, habari za huko?" akasema Kalunde.

Kivuli akazitazama karanga za Kalunde.

"Nimesema, habari za huko?"

"Nimesikia. Nasubiri shikamoo."

Karanga zilimpalia. "Shikamoo nani? Mimi na wewe tumezaliwa siku moja, saa moja, kwa mkunga mmoja!"

"Tulizaliwa siku moja. Mimi nimeishi miaka mitano zaidi. Nina sitini na tatu, wewe hamsini na nane. Au mama yetu alitufundisha kuingia kwa wakubwa na karanga mdomoni?"

"Mizani! Mwambie huyu mwanamke!"

"Kumbukumbu zinathibitisha tofauti ya umri," ikasema sauti ya darini. "Kivuli ni mkubwa."

Kalunde alimeza, akatazama mlango kuona kama kuna mtu, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

"Saini hapo tuondoke. Muda unakwenda."

"Sisaini."

Kalunde alizunguka kiti mara moja. Akakaa. Akasimama. Kugombana na fundi mkaidi aliwahi, na dereva mlevi, na diwani mwenye shamba kila mahali anapotaka kuchimba. Kugombana na mtu mwenye ukaidi wake yeye mwenyewe, wa kipimo kilekile, hakuwahi, na mara moja aliwaonea huruma watu wote aliowahi kubishana nao.

"Miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizuri," kivuli akasema bila kuulizwa. "Watu walitupigia vigelegele. Nikamwambia fundi wetu Masele anunue suti. Mwaka wa tatu mvua ikagoma, masika na vuli. Unajua maji yanavyokuwa mazito kisima kikipungua. Chujio likala, likala, mpaka likafa. Na chujio hai likifa hutapika lote lililokula. Hakuna aliyejua, maana ladha haibadiliki. Tulikunywa wiki saba."

"Basi, hayo ni mambo ya..."

"Watoto arobaini na mmoja. Miguu yao ilianza kupinda. Kwanza tukasema matege ya kawaida. Nshoma wa muuza mihogo, yule mwenye kelele, nilikuwa nambeba kila asubuhi kumpeleka zahanati. Alikuwa ananiuliza kama kisima kimeshatengenezwa ili aache kuumwa. Kovu hili nililipata kwa baba yake. Alikuja na panga. Sikumlaumu."

Kalunde aliangalia chini. Nshoma wa muuza mihogo alikuwepo pia upande huu. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemrushia ganda la embe.

"Sikiliza," akasema taratibu. "Hao si watoto. Ni hesabu za mashine."

"Na mimi ni hesabu za mashine. Mbona umenipa shikamoo?"

*

Bi. Nakiete alisikiliza malalamiko yote huku akipuliza vumbi kwenye muhuri.

"Kosa lako ni mvua, mama. Nani alikwambia uandike mvua za kweli? Futa huyo, tengeneza mwingine, chagua mvua njema. Wenzako wote wamechagua mvua njema. Vivuli vyao vimerudi vimenenepa."

"Kumfuta ni kufanyaje?"

"Unasema mara tatu, 'Simhitaji tena.' Basi. Sasa ni saa tisa na dakika kumi. Muda unatosha hata kunywa chai."

Kalunde alirudi akihesabu. Ndani ya kichwa alimwona Masele, fundi aliyekuwa naye kwa miaka kumi na tisa, anayefagia uwanja uliofagiwa. Aliwaona wengine kumi. Alijiambia kwamba akishinda atajua la kufanya na machujio huko mbele ya safari, mwaka wa pili, Mungu akipenda. Kivuli naye alijua anajiambia hivyo, maana alijiambia vilevile siku ya kwanza huko ndani.

"Umekuja kunifuta," akasema kivuli.

"Nimekuja kutafuta riziki ya watu kumi na mmoja."

"Najua. Nilikuwa nao miaka mitano zaidi yako." Aliweka sawa kitenge chake magotini, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. "Sema basi. Usiniangalie tu."

"Simhitaji tena," akasema Kalunde.

"Mara ya kwanza," ikasema Mizani.

"Simhitaji tena."

"Mara ya pili."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Ala! Kuna msiba wa Mnyamwezi humu, na mtani hakuitwa?"

Alikuwa Ndahani. Nani tena? Ndahani wa Ugogoni, mwenye kampuni ya visima, mpinzani wake kwa miaka ishirini na mtani wake tangu enzi za mababu. Mwanaume mrefu kama nguzo ya simu, kofia ya majani kichwani, na meno ya kahawia ambayo hakuwahi kuyafichia mtu. Zabuni yake mwenyewe alikuwa ameshaiwasilisha tangu asubuhi. Alikuwa hapo kwa jambo moja tu, kuona wenzake wanavyohangaika.

Kabla Kalunde hajafungua mdomo, Ndahani alishavua viatu, akajilaza kwa urefu wake wote mbele ya kioo, mikono kifuani, macho juu.

"Hazikwi mtu hapa," akatangaza. "Mtani sijalipwa. Leteni mbuzi."

"Ndahani, toka. Sina muda na upuuzi wako."

"Mzoga wa Mnyamwezi unanuka lakini nitavumilia. Mbuzi awe dume."

"Bwana Ndahani," ikasema sauti ya darini, "unazuia shughuli."

"Ndiyo kazi yangu msibani!"

Mizani ilipekua kumbukumbu zake. Halafu ikasema, "Sheria Ndogo ya Mila na Maziko, kifungu cha sita. Mtani akizuia maziko, maziko yasiendelee mpaka aridhike au aondoke mwenyewe. Ufutaji umesimama."

Bi. Nakiete alikuja mbio, viatu vikilia kwenye sakafu. "Nani aliiwekea hii mashine sheria za maziko?"

"Wewe, Bi. Nakiete. Mwezi wa tatu, ulipoagizwa kuingiza sheria ndogo zote za Halmashauri. Uliingiza pia ile ya kufuga nguruwe mjini."

"Iliagizwa kutoka juu," akasema Bi. Nakiete kwa sauti ndogo.

Kalunde alimwinamia Ndahani. "Nimekujua. Unataka saa kumi inikute hapa."

"Mimi?" Meno yote ya kahawia yakatoka. "Mimi nataka mbuzi tu. Saa ngapi kwani sasa?"

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Angempiga teke, lakini nani anampiga teke mtani msibani? Kijiji kizima kingekusema mpaka wajukuu zako. Akabaki amesimama, makabrasha kwapani, akihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio.

Ndipo kivuli akasema, "Ndahani."

"Naam, marehemu."

"Salamu yako iko wapi? Nina sitini na tatu. Wewe una sitini na moja."

Ndahani alinyanyua kichwa, akamtazama wa kwenye kioo, akamtazama wa pembeni, akakuna kidevu. "Haki ya Mungu, Kalunde amenipita umri kati ya asubuhi na alasiri. Haya. Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Nilitaka kukushukuru. Huko ndani sikupata nafasi, ulikuwa unatukana mno."

"Nilikuwepo huko?"

"Mwaka wa tatu. Machujio yalipokufa nilipiga simu kila mahali. Wakubwa wakaniambia niandike barua. Wewe sikukupigia, nilikuonea aibu. Ukaja mwenyewe na lori, machujio tisa umeyang'oa kwenye mradi wako wa nyumbani. Ulilala chini ya lori wiki tatu. Ukanitukana kila siku. Ulisema Wanyamwezi tulifaa kubeba mizigo tu, na hata mizigo tulikuwa tunaiangusha."

"Hilo ni kweli," akasema Ndahani, lakini sauti haikuwa ileile.

"Siku ya mwisho ukamwona Nshoma anavyotembea. Ukakaa chini. Ukaniambia uliwahi kuwa na dada."

Ndahani alikuwa ameshaketi. Kofia ilikuwa mikononi, anaizungusha. Kwa miaka ishirini Kalunde hakuwahi kusikia habari za dada.

"Hilo sijamwambia mtu, labda nililiachia lile bamba la shaba asubuhi," akasema. "Tulichota kisima kimoja miaka kumi na minne. Mimi kiliishia kwenye meno. Yeye kilikwenda kwenye mifupa." Akavaa kiatu kimoja, kisha cha pili, polepole. "Kivuli changu kilirudi kinacheka. Kiliniambia mvua ilikuwa inanyesha mpaka inachosha."

Akasimama, akajipangusa vumbi. Mlangoni akageuka.

"Mizani, andika. Mtani hajaridhika na hajalipwa. Anaondoka tu. Haki yangu nitaidai siku nikitaka."

"Imeandikwa. Ufutaji unaweza kuendelea."

Mlango ukabaki wazi. Saa tisa na dakika thelathini na nane.

*

Kilichobaki kilikuwa neno moja la mara ya tatu, dakika kumi na mbili za mvua njema, na saini ya kivuli mnene mwenye furaha. Muda ulitosha kabisa. Kalunde alitamani usingetosha. Mtu akikoseshwa na saa, analala usingizi. Yeye saa ilikuwa imemwachia nafasi ya kuchagua, kama mchokozi anayekupisha mlangoni makusudi.

"Miaka miwili iliyobaki ulifanyaje?" akauliza.

"Nilibadilisha machujio kila masika."

"Kwa fedha zipi?"

"Niliuza mtambo."

"Ule wa bluu?"

"Una mwingine?"

"Mpumbavu wewe!" Kalunde alipiga kiti kofi. "Mtambo wa bluu! Nimeununulia injini mbili! Ungeuza nyumba!"

"Nyumba niliiuza kwanza."

Akakaa kwenye kiti, wakatazamana. Mama wa karanga alisikika nje akimfukuza mbuzi wa mtu. Kalunde alifungua makabrasha, akatoa kalamu, akakata "miaka mitatu," akaandika "kila masika," na chini yake akaiandika bei mpya. Bei hiyo hata mkono wake uliionea haya, ukaiandika kwa tarakimu ndogo.

"Tutashindwa," akasema.

"Tutashindwa," akakubali kivuli. "Lete nisaini."

Bahasha iliingia saa tisa na dakika hamsini na nane. Bi. Nakiete aliigonga muhuri, akatikisa kichwa, akaupanga muhuri mahali pake.

*

Zabuni zilifunguliwa Ijumaa saa nne asubuhi, mbele ya watu, kama sheria inavyotaka. Ukumbi ulijaa. Masele na wenzake kumi walikaa safu ya nyuma wakiwa wamevaa mashati ya sikukuu, na Kalunde alishindwa kuwatazama.

Mizani ikasoma. Mzabuni wa kwanza, miaka mitano ya uzoefu, mafanikio asilimia mia. Wa pili, asilimia mia. Ndahani, asilimia mia, na bei ya chini kuliko wote. Kisha ikasoma, kwa sauti ileile ya adabu, "Kalunde Mihayo. Bei ya juu kuliko wote. Uzoefu wa miaka mitano. Mradi mmoja. Ulishindwa."

Ukumbi ulicheka mpaka feni zikaonekana kutikisika. Mtu aliuliza kama huyo mama amekuja kuomba kazi au kuungama. Ndahani, mshindi, alikaa na kofia magotini. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu, mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Kwa mujibu wa utaratibu," Mizani ikaendelea, "vivuli vya walioshindwa vitafutwa sasa. Havihitaji tena kutamkiwa mara tatu."

Kalunde alikwishafika Chumba Namba Tisa kabla sentensi haijaisha. Alifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana, lakini hapakuwa na wa kugombana naye. Kivuli alikuwa kwenye kiti chake, viganja magotini.

"Walicheka?" akauliza.

"Sana."

"Kulikuwa na watu wengi?"

"Wote wa sensa."

Kivuli alitabasamu, pengo la jino likaonekana. Kwenye pembe ya kioo namba zilianza kushuka kutoka sitini. Hamsini na tano. Hamsini. Kalunde aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa, kilikuwa cha baridi.

"Kifungu cha sita!" Sauti ilitoka kwenye korido, ikifuatiwa na mwenyewe, ikifuatiwa na Bi. Nakiete na nusu ya ukumbi. Ndahani alivua viatu akikimbia, kimoja kikaruka mpaka dirishani, akajitupa chini mbele ya kioo kwa kishindo cha gunia. "Maziko haya sijalipwa!"

Namba zilisimama kwenye thelathini na moja.

"Ni kweli," ikasema Mizani. "Dai lipo kwenye kumbukumbu. Mtani anadai nini?"

"Desturi ni mtani kuchukua mali ya marehemu." Ndahani alikuwa anahema. "Nguo, jembe, kuku. Huyu hana kuku. Basi namchukua marehemu mwenyewe."

"Hiyo haiwezekani!" Bi. Nakiete alipiga kelele. "Hakuna fomu!"

"Kifungu cha saba," ikasema Mizani. "Mtani hapangiwi cha kudai. Fomu itatengenezwa."

Kalunde alisimama juu ya Ndahani, mikono kiunoni. "Umchukue ukamfanye nini?"

"Awe msimamizi wangu wa visima. Nina kivuli kinachojua kucheka tu. Nataka mtu aliyekwishauona mwaka wa tatu."

"Atakulazimisha ubadilishe machujio kila masika."

"Najua."

"Kwa bei uliyoandika wewe? Utauza mtambo wako, Mgogo mwendawazimu."

"Wa kwangu siuzi. Nitakodi wa bluu, na hao watu wako kumi na mmoja wanaofagia mpaka wanachimba shimo. Nitawalipa vibaya." Aliinuka kwenye kiwiko, na meno ya kahawia yakarudi. "Faida siioni. Lakini Wanyamwezi mlibeba mizigo ya wengine miaka mia. Acha mara moja Mgogo abebe wa kwenu."

Nyuma ya watu waliojazana mlangoni, Masele alianza kupiga makofi, akaona aibu, akaacha.

Kivuli alihamishiwa kwenye kisanduku cha ukubwa wa redio, chenye kioo kidogo mbele na mshikio wa kubebea. Bi. Nakiete alileta fomu iliyozaliwa dakika hiyohiyo, wino ukiwa mbichi, na akaigonga mihuri yote sita, maana hakujua ni upi unaohusika.

"Jina la anayekabidhi?"

"Kalunde Mihayo."

"Jina la anayekabidhiwa kwa mtani?"

"Kalunde Mihayo."

Bi. Nakiete alifumba macho kidogo. "Uhusiano wenu?"

Kalunde alitazama ndani ya kioo kidogo. Safari hii hakugeuka kuangalia nani yupo mlangoni, ingawa mlango ulikuwa umejaa watu.

"Ni dada yangu mkubwa," akasema. Akapiga goti, mbele ya halmashauri nzima, ili macho yao yawe sawa. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Huko nje mvua zikoje?"

"Kama tunavyozijua."

"Basi tusikae," kikasema kisanduku. "Ndahani, vaa viatu."